Mtungi wa Nyuma ya Mlango

Kitendawili! Nina mwana nyumbani, simpi nyama wala simvalishi kiatu. Namfunika nguo shingoni, namweka gizani, namwacha. Kila nikimfunua nakuta amevimba, anatoa povu kama mtu mwenye neno mdomoni. Ni nani huyo? Fikiri taratibu. Ukishindwa sitaki unipe mji, miji siku hizi ina gharama zake. Nipe masikio tu. Jibu lilikuwa nyuma ya mlango wa nyumba moja ya vyumba viwili, na wenye nyumba walipolijua walitamani wangebaki hawalijui.

Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani, meza ndogo, na godoro ambalo Bibi na mjukuu wake Kidoti walililalia usiku na kuliviringisha asubuhi. Cha nyuma kilikuwa cha wenye ndoa. Mume walimwita Randa, kwa sababu kwenye karakana ya mbao hakuna ubao uliomshinda kulainisha, hata uwe na vifundo kama goti la ngamia. Mkewe alikuwa fundi wa nguo, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Bibi alikuwa mama mzazi wa Randa.

Randa alirudi kutoka kliniki ya walevi akiwa mifupa iliyovikwa shati. Pombe alikuwa ameiacha, lakini pombe haikuondoka kwa adabu. Iliondoka na tumbo lake. Chai ilitoka. Wali ulitoka. Maziwa ya mgando, ambayo nesi aliyasifu sana, yalitoka kabla kikombe hakijarudi mezani. Mikono ilitetemeka hata vifungo vya shati alifungiwa na mtoto wake.

Siku ile ya kumtoa kliniki, nesi aliwaketisha wote watatu.

"Tumbo la mtu ni kama mtaa," alisema. "Lina wakazi wake, vijidudu vidogo tusivyoviona. Wapo wema wanaosaidia kusaga chakula, wapo wahuni. Ukimwaga pombe humo kila siku, wema wanahama, wahuni wanabaki na funguo. Sasa tunataka wale wema warudi. Mpeni vitu vilivyochachuka: maziwa ya mgando, uji mchachu. Kidogo kidogo."

"Na hamu ya pombe itakwisha?" Bibi aliuliza.

"Hapana, mama. Mtu asije akakudanganya. Hiyo ni kazi yake mwenyewe na vikao vyetu hapa. Uji ni chakula. Lakini mtu ambaye tumbo lake limetulia analala, na aliyelala ana nguvu ya kukataa."

"Uji ukikaa sana?" Fundi aliuliza.

"Ukianza kunuka pombe, mwageni. Msiujadili. Mwageni."

Bibi akapiga paja. "Kuchachusha? Mwanangu, hapo umebisha hodi kwa mwenyewe!"

Wakacheka wote, hata Randa. Nesi ndiye pekee ambaye hakujua kwa nini.

Walipofika nyumbani Fundi alisubiri mama mkwe aende kuoga. Akasimama mbele ya mumewe na sindano bado imechomekwa kifuani kwenye blauzi.

"Baba Kidoti, nisikilize vizuri maana sitarudia. Siku utakayorudi kwenye pombe, mimi na mtoto tutakwenda kwa kaka yangu. Sitapiga kelele, wala sitaita watu. Utakuta nyumba imefagiliwa na sisi hatumo."

"Nimesikia, Mama Kidoti."

"Hujasikia. Utasikia siku hiyo."

Na mwanamke yule hakuwa na tabia ya kutishia kitu asichokuwa nacho. Begi lilikuwa tayari chini ya kitanda.

*

Bibi aliwalea watoto wake kwa kupika pombe. Aliipika kwenye mtungi mmoja mnene wenye shingo fupi, akaiuza kwa kata mpaka jina lake likawa Bibi Mtungi. Mwanawe alipoanza kuokotwa mitaroni, aliuinamisha mtungi nyuma ya mlango na hakuuinua tena. Watu walimcheka: sasa wewe utakula nini? Akasema nitakula aibu, nimeizoea.

Sasa aliuinua. Aliumwagia maji ya moto, akausugua kwa majani makavu na kuuanika juani. Sabuni hakutia. Wanaojua kuchachusha wana mwiko wao: mtungi wa chachu hauoshwi kwa sabuni, ukiuosha umeua kizazi. Kila mara huacha masalio chini, na hayo ndiyo huzaa uji unaofuata. Alipika uji wa ulezi, akaupoza, akatia kimea, akaumimina mtungini, akaufunga mtungi shingoni kwa kitambaa na kuuvika sweta kuukuu ili usipate baridi.

Udongo una vitundu vidogo kuliko tundu la sindano. Pombe ya miaka yote ile ilikuwa imelala humo. Maji ya moto yaliiamsha tu.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri, na ndilo linalouma. Uji ulikaa tumboni. Kikombe kimoja jioni, kisha kipande cha kiazi, kisha wali kidogo. Randa alilala usiku mzima, na Fundi akalala kwa mara ya kwanza bila kusikiliza mlango. Mashavu yakarudi. Kwenye kikao cha kliniki alisimama akasema, "Mimi ni mlevi, na leo sijanywa," wenzake wakampigia makofi. Msimamizi wa karakana alimpokea kwa sharti moja: kila asubuhi apulize kidude cha kupima pombe kwenye pumzi getini, kama wenzake wote wa mashine.

Randa akaanza hata kusaidia jikoni. "Mama, usiiname, mgongo wako huo. Kuulisha mtungi uji mpya niachie mimi."

"Tazama, mkwe," Bibi alijisifu. "Mtoto wa kiume anakoroga uji! Nife leo."

"Usife, Mama," Fundi alimjibu, "nani atanisaidia kutafuta sukari? Niliyonunua juzi imekwisha."

"Anaila yeye. Nesi si alisema wanaoacha pombe wanapenda tamu? Mwache ale, mkwe. Heri meno yaoze kuliko maini."

Fundi akanunua nyingine.

Alasiri moja alikuwa akishona sare za shule, mguu uko kwenye kanyagio na pini ziko mdomoni. Randa alikuwa amerudi kutoka kazini, ameketi karibu na mlango na kikombe chake sakafuni. Kidoti, ambaye alikuwa bado hajaanza shule na bado anaamini kila kikombe ni chake, akakiinua kwa mikono miwili.

Randa aliruka. Hakuinuka, aliruka. Alimpokonya kikombe kwa nguvu hata kucha ikamkwaruza mtoto mdomoni, uji ukatapakaa kwenye sare moja iliyokunjwa.

"Huu wa baba! Nimekwambia mara ngapi? Huu ni dawa ya baba!"

Hakuwa amemwambia hata mara moja. Mtoto alifungua mdomo, sauti ikachelewa kutoka, kisha ikatoka yote. Bibi akamchukua mgongoni. Fundi alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akaiosha ile sare, akaianika. Mguu wake ulikaa muda mrefu kabla haujarudi kwenye kanyagio.

*

Asubuhi ya mkosi, Randa alikuwa ameshavaa viatu Bibi alipomfuata na kikombe kimejaa mpaka ukingoni.

"Kunywa mwanangu, usiende na tumbo tupu."

"Nitakunywa jioni, Mama, kama siku zote."

"Jioni na asubuhi. Jana umeacha kiazi, nimekuona. Au mkono wangu umekuwa mchungu?"

Randa alitazama kikombe. Akamtazama mama yake. Mtu mwingine angesema sitaki, akaenda zake. Yeye hakuwa na sababu ya kutoa; na sababu aliyokuwa nayo haikusemeka. Akanywa. Bibi akamwongeza cha pili kwa furaha, nacho akakinywa, na hicho hakulazimishwa.

Getini mlinzi alikuwa na kile kidude mkononi kama mtu aliyeshika kuku wa jirani.

"Puliza, Randa. Usikibusu, puliza."

Akapuliza. Kikalia.

"Kimekosea hiki."

"Kimekosea kwako tu? Wenzako wote wamepita. Haya, puliza tena."

Akapuliza, kikalia kwa sauti ile ile nyembamba inayoingia mpaka kwenye meno. Nyuma yake wapasua mbao walikuwa wamepanga mstari, na kwenye mstari hakukosi mtu wa maneno.

"Randa leo kajipaka vanishi kwa ndani!"

"Jamani msimwashie kiberiti karibu!"

Msimamizi alitoka ofisini. Huyu alikuwa mtu wa makamo asiyependa kelele, na ndiye aliyemwombea Randa kwa mwenye karakana.

"Mkubwa, sijagusa chupa," Randa alisema. "Sijaingia kilabuni, sijapita hata barabara ile. Kaulize."

"Kwa hiyo imekujia usingizini?"

"Sijagusa chupa."

"Nilikubeba mgongoni, Randa. Nilisema huyu amepona, mpeni msumeno wake. Ule msumeno haujui samahani. Leo ungeacha mkono pale, kesho mimi ningempelekea nani huo mkono, mkeo?" Akageuka, kisha akarudi. "Njoo kesho na mtu atakayenieleza jambo likaingia akilini. La sivyo, msumeno nampa mwingine, na usinisalimie barabarani."

*

Fundi alikuwa akimpima mteja kiuno Randa alipoingia. Mteja, mama mmoja nadhifu, alivuta pumzi mara moja, akakunja kitambaa chake kwapani.

"Nitarudi siku nyingine, Fundi. Naona una mgeni."

"Si mgeni, ni mume wangu."

"Ndiyo," mama yule alisema akiwa mlangoni. "Nitarudi."

Futi ya kupimia ilibaki shingoni mwa Fundi kama kitanzi. Alimsogelea mumewe mpaka pua zikakaribiana.

"Nipulizie."

"Mama Kidoti..."

"Wamekupulizisha huko, na mimi nipulizie. Kwani mimi ndiye wa kuogopwa?"

Alipuliza, mtu mzima na ndevu zake, macho kayafumba kama mtoto anayetiwa dawa. Fundi aliingia chumba cha nyuma. Zipu ya begi ilisikika.

"Naapa sijagusa chupa!" Randa alilia. "Mama, mwambie! Nimekwenda wapi? Nimetoka hapa, nimefika getini!"

"Mkwe wangu, subiri kidogo," Bibi alimfuata. "Ametoka mikononi mwangu asubuhi. Nilimnywesha uji mwenyewe."

"Nimesubiri mpaka nimeota mizizi, Mama. Kidoti, viatu vyako viko wapi?"

"Nyuma ya mlango," mtoto alisema.

Fundi akainama nyuma ya mlango. Kiatu kimoja kilikuwa kimekwama kati ya ukuta na mtungi. Alipokivuta, kitambaa cha shingoni kilifunuka, na mtungi ukampumulia usoni.

Akabaki ameinama hivyo hivyo.

"Mama, huu uji umeuonja?"

"Naonja kila siku nikimmiminia. Kwani umekuwaje?"

"Nusa."

Bibi akasogea, akanusa kwa nguvu. "Unanuka uji."

Kwa kweli hakusikia kitu. Mtu aliyeishi na harufu moja ujana wake wote haisikii tena, kama vile hatusikii harufu ya nyumba zetu wenyewe mpaka mgeni akunje pua. Hata kwenye ulimi, ladha ile kwake ilikuwa kama mate yake. Fundi alichota kidogo, akaonja, akatema kwenye kiganja.

"Mama, hii ni pombe."

"Usinitukane, mkwe."

"Sikutukani. Hii ni pombe, na ni kali. Uliupika kwenye mtungi gani, Mama? Si ndio ule?"

Unamwona sasa yule mwana wa kitendawili? Bibi alimwona kabla yako. Alikaa chini, si kwenye godoro wala kwenye kigoda, pale pale sakafuni, miguu imenyooka kama mtoto.

"Nimemlisha mwanangu," alisema. "Kwa mkono wangu. Na leo nimemlazimisha."

Fundi akacheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio. Maana Randa hakuwa amerudi kwenye pombe! Pombe ndiyo iliyomfuata chumbani. Begi halina kazi. Akamgeukia mumewe ili amshike, na mikono ilikuwa imeshanyooka, alipoona uso wake. Randa hakuwa na uso wa mtu aliyetolewa kifungoni. Alikuwa ameutazama mtungi kama mtu anavyotazama mlango uliosahauliwa wazi.

Mikono ya Fundi ikashuka polepole.

"Baba Kidoti. Siku ile, kwa nini ulimnyang'anya mtoto kikombe?"

Nje mtu alikuwa akiburuta dumu la maji.

"Swali gani hilo sasa?" Bibi alidakia. "Si dawa yake? Mtoto angeumaliza wote. Mwache mwenzio, mkwe, kosa ni langu. Mchuma janga hula na wa kwao, haya, nimelichuma, nanyi mmelila. Kesho nitakwenda mimi kwa huyo msimamizi."

Fundi hakulirudia swali. Begi lilikaa katikati ya kitanda. Halikubebwa, wala halikufunguliwa.

*

Asubuhi walikwenda watatu, Kidoti wakamwacha kwa jirani. Bibi alikataa mwanawe abebe mtungi. Aliuweka kichwani juu ya kata ya nguo, kama enzi zile, na shingo yake ilikuwa bado inakumbuka. Ndiyo iliyomponza. Kwenye mstari wa getini walikuwamo waliokuwa wateja wake.

"Haa! Bibi Mtungi amerudi kazini!"

"Bibi, bado unakopesha? Mimi nina deni la tangu nikiwa na nywele!"

"Leo nimeleta ya bure, wanangu," Bibi alijibu. "Tulieni kwanza."

Alimweleza msimamizi yote: nesi, tumbo, wakazi wema na wahuni, ulezi, mwiko wa sabuni. Msimamizi alisikiliza mikono nyuma.

"Mama, mimi nimekunywa uji mchachu tangu utotoni. Haujawahi kunilaza njiani."

"Huu si ule. Huu umepikwa kwenye mtungi wangu."

"Kila mlevi ana mama, na kila mama ana hadithi."

Wapasua mbao wakacheka. Bibi alitazama vile vicheko kimoja kimoja. Kisha akaomba kikombe kwa mlinzi, akachota, akanywa. Akachota tena.

"Mama, basi," Fundi alisema.

"Niache." Akanywa cha tatu. Tangu aache kupika hakuwa amemaliza hata kikombe kimoja cha pombe, na tangu jana hakuwa amekula kitu. Aliketi juu ya gogo kusubiri, mikono mapajani, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Msimamizi alisema wangoje, ili isije ikawa ni pombe iliyobaki mdomoni tu. Wakangoja. Mashine hazikuwashwa. Nguo ya kichwani ya Bibi ilianza kuteleza, mvi zikaonekana, naye hakujua. Fundi alimrekebisha, ikateleza tena.

"Haya, lete hicho kidude chenu." Maneno yalikuwa yamekuwa mazito. Akapuliza. Mara ya kwanza pumzi haikutosha, akakohoa mate. Mara ya pili kikalia, kile kilio chembamba, na karakana nzima ikalipuka.

"Bibi kalewa! Mfungieni msumeno!"

"Nyamazeni!" msimamizi alifoka. Alikuwa ametazama pembeni, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mkubwa wake anaoga. "Inatosha, mama. Nimeelewa."

"Mwanangu hana kosa. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuze mimi."

"Wewe hujaajiriwa hapa, mama."

"Basi niajiri, halafu unifukuze."

Safari hii hakuna aliyecheka. Msimamizi akamgeukia Randa. "Mshukuru mama yako mpaka unaingia kaburini. Kesho njoo, msumeno ni wako. Lakini huo mtungi usirudi nyumbani."

Bibi aliuinua mwenyewe. Uliwalisha watoto wake, uliwavalisha, na mmoja ukamla. Aliuinua mpaka kifuani, akauachia. Haukupiga kelele nyingi. Uji ulienea juu ya maranda, ukatoa povu, maranda yakaanza kuunywa.

Watu wote walitazama mtungi. Fundi alimtazama mumewe. Alimwona akipiga hatua moja mbele, mkono umetangulia, kama mtu aonaye mtoto akianguka. Alimwona akimeza mate. Kisha Randa akagundua kwamba anatazamwa, akaurudisha ule mkono mfukoni.

*

Walimkokota Bibi nyumbani, mmoja kila upande. Mtaani watu walitoka milangoni. "Makubwa! Sasa ni zamu ya mama?" Fundi hakumjibu mtu. Kidoti alipoletwa na jirani aliuliza kama Bibi anaumwa, wakamwambia Bibi amechoka, akaenda kumvua viatu.

Bibi alilala kwenye godoro, uso ukutani.

"Mkwe wangu," alisema. "Jikoni kwako sitaingia tena. Mkono huu usiupe hata chumvi ya kushika."

"Usiseme hivyo, Mama. Hukujua."

"Nimepika miaka yote ile, halafu useme sikujua? Nani angejua, kama si mimi?" Sauti ikawa inatoka kwa mbali. "Nilikuwa namnyonyesha huku nakoroga. Titi moja na mwiko mmoja. Labda ndipo nilipomharibu. Nimempa mara mbili. Alipokuwa hana meno, na sasa amepona nimempa tena."

Fundi aliingia chumba cha nyuma, akaketi kitandani, akaliweka begi mapajani. Akalifungua. Alitoa gauni la Kidoti, akalinyoosha kwa kiganja, akaliweka rafuni. Akatoa jingine. Randa alikuwa amesimama kati ya vyumba viwili, bega limegusa mwimo wa mlango. Kushoto kwake nguo zilikuwa zikirudi mahali pake. Kulia kwake mama yake alikuwa akizungumza na ukuta.

Msumeno alikuwa ameupata. Mke alikuwa akimpata, gauni kwa gauni. Mtungi umevunjika, na vigae havisemi. Hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza, na kunyamaza alikuwa amekuzoea kuliko pombe yenyewe. Deni lote alikuwa amelibeba yule mzee wa godoroni, na angelibeba mpaka kaburini bila kulalamika, maana ndivyo akina mama walivyo.

"Nimempa mara mbili," Bibi alirudia.

"Mama Kidoti," Randa akaita.

"Mm."

"Jana uliniuliza swali."

Fundi alikuwa ameshika sweta dogo. Mkono ulisimama ndani ya begi. "Mama alishalijibu."

"Hukumuuliza Mama." Alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika katika nyumba ndogo kama ile, ili ifike godoroni. Bibi akageuka kutoka ukutani. Kidoti, aliyekuwa amekaa miguuni kwa bibi yake na kiatu mkononi, naye akageuka.

Randa alijishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili.

"Nilimnyang'anya kwa sababu nilijua ni pombe. Nilijua tangu kikombe cha kwanza kilichobadilika, Mama akiwa bado anaona ni uji. Na sukari yako, Mama Kidoti, sikuwa naila. Nilikuwa naulisha mtungi, ukolee."